Si Kila Maumivu ni ya Kovu: Kinywa cha Mtu Aliyeungua Uso katika Karagwe na Kyerwa

Jeraha la moto usoni hupona mara mbili. Mara ya kwanza ni pale ngozi inapofunga, bendeji ikaondolewa na mgonjwa akaruhusiwa kurudi nyumbani. Mara ya pili ni pale mtu huyo anapoweza kula, kusema, kupiga mswaki na kulala usiku kucha bila maumivu. Kati ya kupona huku na kule huweza kupita miezi mingi, na wapo ambao kupona kwa pili hakuwafikii kabisa. Sababu mara nyingi si ukubwa wa moto uliowaunguza. Ni kwamba kila aliyewahudumia alitazama ngozi, na hakuna aliyewaomba wafungue mdomo.

Makala haya yanahusu kinywa hicho kilichosahauliwa. Yameandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya wa zahanati, vituo na hospitali za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, na kwa ajili ya wagonjwa wenyewe pamoja na ndugu wanaowauguza.

Moto ulipo

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba majeraha ya moto huua watu wapatao 180,000 kila mwaka, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaonusurika ni wengi zaidi, na hao ndio wanaoishi na makovu. Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, inaukumbuka moto kwa namna ya pekee. Septemba 14, 2020, bweni la Shule ya Msingi ya Kiislamu ya Byamungu liliungua, wanafunzi 10 wakapoteza maisha na wengine wakajeruhiwa. Msiba ule uliitikisa nchi nzima.

Hata hivyo, moto mwingi hautangazwi redioni. Hutokea jikoni, penye mafiga matatu, mtoto anayetambaa anapovuta sufuria ya uji. Hutokea kibatari kinapopinduka, au petroli ya pikipiki iliyohifadhiwa ndani ya chupa inapomiminwa karibu na jiko. Hutokea pia kwa mtu mwenye kifafa anayeangukia motoni akiwa peke yake. Huyu huungua uso na mikono kwa kina, kwa kuwa wakati wa degedege hawezi kujinasua. Na pale nyaya za umeme zinapoachwa wazi, mtoto mdogo anaweza kuutia waya mdomoni na kuungua pembe ya mdomo.

Huduma ya kwanza kwa majeraha haya ni moja: maji safi ya kawaida, yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20. Maji haya husaidia hata kama saa mbili au tatu zimekwishapita. Aliyeguswa na umeme atenganishwe kwanza na umeme, na mtoto mdogo afunikwe sehemu nyingine za mwili asipate baridi. Udongo, unga, mayai na dawa ya meno havifai. Dawa ya meno hukausha na kuchokoza ngozi iliyoungua, hufunika jeraha lisionekane vizuri, na humpa mhudumu kazi ya kuibandua huku mgonjwa akilia.

Kwa nini mdomo hubana

Ngozi inayozunguka mdomo ni nyembamba, na chini yake upo msuli wa mviringo unaofunga midomo. Jeraha likiwa la kina, mwili huliziba kwa kujenga kovu, na kovu lina tabia ya kujivuta. Juma baada ya juma hukaza, huinuka, huwa gumu na jekundu au jeusi. Kazi hiyo huendelea kwa muda wa mwaka mmoja hadi miwili, ndipo kovu hutulia na kulainika. Likiwa limeuzunguka mdomo, hujivuta kama uzi wa mfuko unaofungwa: pembe mbili za mdomo husogeleana na tundu hupungua.

Mvuto huo una njia zaidi ya moja. Kovu la shingoni linaweza kukivuta kidevu kuelekea kifuani, likaupindua mdomo wa chini kwa nje. Mtu huyo hawezi kufumba midomo yake. Mate humtiririka nje, huku meno na fizi za mbele zikikaukia hewani. Kwa mtoto, taya na meno vingali vinakua, hivyo mvuto wa kovu unaweza kuyasukuma meno yakae upogo na kuibadili sura ya taya.

Hapa ndipo penye hatari na pia matumaini. Kovu changa hunyoosheka. Kovu lililokomaa halinyoosheki kwa urahisi, na mara nyingi hulazimu upasuaji. Kwa hiyo miezi ya mwanzo, ambayo familia huihesabu kuwa ya kupumzika baada ya mateso ya wodini, ndiyo hasa miezi ya kufanya kazi.

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo. Mtu mzima mwenye taya zima huweza kuingiza vidole vyake vitatu vya kati, vikiwa vimesimama kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya juu na ya chini. Hiyo ni takribani milimita 40 au zaidi. Mtoto hupimwa kwa vidole vyake mwenyewe. Anayeingiza viwili tu anahitaji mazoezi na ufuatiliaji. Anayeingiza kimoja, au asiyeweza hata kimoja, apewe rufaa mapema. Kipimo hiki kiandikwe kwenye kadi ya mgonjwa kila anapohudhuria, sawa na unavyoandikwa uzito wa mtoto, maana kovu hupunguza tundu la mdomo polepole na macho yanayomtazama mtu kila siku hayatambui.

Yanayotokea ndani ya kinywa

Mdomo ukibana, mswaki hauingii vizuri. Ukoga, yaani utando laini wa bakteria unaojijenga juu ya meno kila siku, hubaki pale pale hasa kwenye magego ya nyuma. Bakteria hao hula sukari na kutoa tindikali, na tindikali huyatoboa meno. Kando ya fizi utando huo hugeuka kuwa ugaga mgumu. Fizi huvimba na kutoka damu. Mgonjwa akiona damu huogopa na kuacha kupiga mswaki, na tatizo huzidi.

Mambo mengine matatu huongeza uzito wa mzigo huo. La kwanza ni chakula. Mtu aliyeungua huhitaji nguvu nyingi ili ngozi yake ijengeke, na asiyeweza kutafuna hupewa uji wa sukari, chai ya sukari na soda kwa mrija, kidogo kidogo kutwa nzima. Nia ya wauguzi wake ni njema, lakini meno hayapati nafasi ya kupumzika na sukari. La pili ni ukavu. Mate ndiyo maji yanayoosha kinywa na kuyalinda meno. Anayepumulia mdomo kwa sababu pua yake imebanwa na kovu, au asiyeweza kufumba midomo, hukosa kinga hiyo.

La tatu ni dawa. Mwenye kifafa aliyeungua huendelea kutumia dawa zake, na ni lazima aendelee, maana kuziacha ni kuualika moto wa pili. Lakini miongoni mwa dawa hizo ipo fenitoini, ambayo kwa baadhi ya watu hukuza fizi hadi zikafunika sehemu ya meno. Ukuaji huo huwa mkubwa zaidi pale usafi wa kinywa unapokuwa duni. Mtoa huduma akiona fizi zilizovimba namna hiyo asimwachishe mgonjwa dawa. Amfundishe usafi, amwunganishe na tabibu wa meno, na ashauriane na daktari anayesimamia kifafa kuhusu uwezekano wa dawa nyingine.

Kuyasikiliza maumivu

Tuchukue mfano. Kijana aliyeungua shavu na midomo miaka mitatu iliyopita anafika zahanati akisema uso unamuuma. Mhudumu analitazama kovu, linaonekana baya, na jibu linakuja upesi: ni kovu, vumilia, chukua parasetamoli. Mwezi unaofuata kijana anarudi na jibu ni lile lile. Hakuna aliyemwangalia ndani ya kinywa, kwa sababu kukifungua ni kazi na kovu limekwisha kutoa maelezo. Nyuma kabisa, katika gego la chini, lipo tundu lililofika kwenye kiini cha jino. Kijana huyo amebeba kwa miezi maumivu yanayotibika, akiamini kwamba ni sehemu ya ajali yake.

Makosa ya namna hii huepukika iwapo mgonjwa ataulizwa maswali machache na maneno yake yakasikilizwa. Kiswahili kina msamiati mpana wa maumivu, na kila neno lina mahali linapoelekeza.

Maumivu yanayopwita, yanayozidi usiku mgonjwa anapolala, yanayoamshwa na maji ya baridi, chai ya moto au kitu kitamu, kwa kawaida ni ya jino. Mgonjwa aguswe meno moja moja kwa upole kwa mpini wa kioo cha meno. Jino lenye usaha kwenye mzizi humfanya ashtuke. Maumivu mazito yanayovuta, yaliyo mbele ya sikio au kando ya taya, yanayozidi anapotafuna au anapoamka asubuhi, mara nyingi ni ya kiungo cha taya na misuli yake. Misuli hii huchoka kwa kupambana na kovu, na wengine husaga meno usingizini kutokana na mawazo na hofu.

Maumivu yanayowaka, yanayochoma kama pilipili, yanayopita kama shoti ya umeme, au yanayoletwa na kitu kidogo kama kanga inayogusa shavu, huelekeza kwenye mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na moto. Pengine sehemu hiyo hiyo ina ganzi, yaani haisikii ikiguswa lakini inauma yenyewe. Jambo hili humshangaza mgonjwa, na baadhi huogopa kulisema wasionekane wanazusha. Ni vyema waelezwe kwamba ni la kweli na linajulikana katika tiba. Muwasho wa kovu changa nao ni wa kawaida. Hupunguzwa kwa kulipaka mafuta yasiyo na manukato na kulikanda taratibu, pamoja na dawa za kuzuia mwasho inapohitajika.

Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na aina zote tatu. Ndiyo maana kanuni iwe hii: maumivu ya uso ulioungua yasiitwe ya kovu mpaka meno, fizi na taya vimekaguliwa.

Tiba hufuata chanzo. Jino hutibiwa kama jino; vidonge vya maumivu huahirisha tu. Kuweka maji ya betri, petroli au vidonge vilivyosagwa ndani ya jino lililotoboka ni kuunguza kinywa upya, na fizi zilizoungua hivyo huchukua majuma kupona. Misuli ya taya hutulizwa kwa kitambaa chenye joto la wastani, chakula laini kwa muda na mazoezi ya taratibu. Joto lipimwe kwanza kwa ngozi nzima, kwa kuwa ngozi ya kovu inaweza isihisi ikiungua.

Kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, parasetamoli pekee husaidia kidogo. Kwa mtu mzima daktari anaweza kuanza na amitriptilini kwa dozi ndogo ya usiku, kwa kawaida miligramu 10 hadi 25, na kuipandisha taratibu. Dawa hii ina tahadhari mbili zinazogusa wagonjwa hawa moja kwa moja. Inaweza kumzidishia kifafa mwenye ugonjwa huo, hivyo historia ya degedege iulizwe kwanza. Pia hukausha mate, hivyo anayeitumia ahimizwe kunywa maji mara kwa mara na kuongeza bidii ya kupiga mswaki. Wazee na wenye ugonjwa wa moyo wahitaji uangalifu zaidi. Dawa nyingine, kama gabapentini, huweza kupatikana katika hospitali za rufaa.

Mazoezi ya mdomo

Mazoezi huanza jeraha linapofunga, au mapema zaidi kwa maelekezo ya mtaalamu wa viungo. Aliyewekewa ngozi ya kupandikiza asubiri mpaka daktari wa upasuaji aruhusu. Kovu lipakwe mafuta ya mgando kwanza ili pembe za mdomo zisipasuke.

Zoezi la kwanza ni kufungua mdomo kadiri inavyowezekana, kuhesabu hadi kumi, kisha kufumba. La pili ni kuingiza vidole gumba safi kwenye pembe mbili za mdomo na kuzivuta kwa nje, taratibu, mpaka kovu lionekane limekaza na kupauka kidogo. Mvuto ubaki hapo kwa hesabu ya kumi. La tatu ni kujaza hewa mashavuni kama anayepuliza puto. La nne ni kutamka kwa ukamilifu a, e, i, o, u, midomo ikitanuka na kukutana. Kila zoezi lirudiwe mara kumi, na mzunguko wote ufanywe mara tano au sita kwa siku. Anayeona hiyo ni nyingi azifunge na shughuli zake: baada ya kunawa uso asubuhi, kabla ya kila mlo, baada ya kutoka shambani, kabla ya kulala.

Kwa mdomo uliokwisha kubana, vijiti bapa vya mbao ambavyo daktari hukandamizia ulimi ni kifaa chenye thamani kubwa. Hupangwa kimoja juu ya kingine kati ya meno ya juu na ya chini, na kila baada ya siku kadhaa huongezwa kimoja. Idadi yake ni hesabu ya maendeleo ambayo hata mtoto wa darasa la pili huifurahia. Katika hospitali kubwa, daktari wa meno anaweza kutengeneza kifaa cha kuvaliwa kinachozitanua pembe za mdomo, hasa usiku.

Uchungu kidogo wa kuvutwa ni wa kawaida na huisha baada ya muda mfupi. Damu, mpasuko au maumivu yanayobaki kutwa ni ishara kwamba mvuto umezidi. Na mtu asidanganyike akaacha pale mdomo unapofunguka vizuri, kwa kuwa kovu ambalo halijakomaa hurudi kujivuta. Mazoezi yaendelee mpaka mtaalamu aseme kovu limetulia.

Usafi ndani ya mlango mdogo

Mswaki wa mtoto mchanga, wenye kichwa kidogo na nywele laini, hufika mahali ambapo wa mtu mzima haufiki. Ukikosekana, kitambaa safi kilichozungushiwa kidole huondoa ukoga kwenye meno ya mbele. Wanaotumia mswaki wa mti wachague kijiti chembamba, wakitafune hadi kilainike, na waongeze dawa ya meno. Dawa hiyo iwe yenye madini ya floridi, itumike asubuhi na usiku, na povu litemwe bila kusukutua kwa maji mengi ili madini yabaki kwenye meno. Mtoto wa chini ya miaka mitatu apewe kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere.

Baada ya chakula mdomo usukutuliwe. Nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa hutosha. Asiyeweza kusukutua husaidiwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akiwa ameketi na kuinamisha kichwa mbele ili asipaliwe. Dawa ya kusukutua ya klorohekisidini husaidia kwa muda mfupi kwa maelekezo ya tabibu, lakini haichukui nafasi ya mswaki.

Kuhusu chakula, neema ipo nyumbani. Ndizi zilizopikwa hadi kulainika, maharage yaliyopondwa, mayai, maziwa, parachichi na dagaa waliosagwa vinajenga mwili kuliko soda. Kinachonywewa kitamu kiletwe wakati wa mlo, si katikati ya milo, na baada yake anywe maji. Uji unaweza kupata ladha kwa maziwa au karanga zilizosagwa badala ya sukari.

Kazi ya kila ngazi

Muuguzi wa zahanati hana budi kuwa wa kwanza. Anapobadilisha bendeji amwombe mgonjwa afungue mdomo, apime vidole, aangalie meno kwa tochi na kuuliza: “Mama, unakula nini? Unapiga mswaki? Usiku unalala?” Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumbani anaweza kukumbusha mazoezi na kuhesabu vijiti. Maswali haya hayahitaji bajeti.

Tabibu wa meno katika kituo cha afya au hospitali ya wilaya, kama ile ya Nyakahanga huko Karagwe, anaweza kufanya mengi hata kwa mgonjwa mwenye mdomo mdogo. Meno yaliyotoboka bila kufika kwenye kiini hutibika kwa njia ya kukwangua kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa saruji maalumu ya meno inayotoa floridi, bila mashine wala umeme. Njia hiyo, inayotumika leo duniani kote, ilianza Tanzania katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa afya ya kinywa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Saruji hiyo pamoja na floridi ya fedha, dawa inayopakwa kusimamisha kuoza kwa jino, viliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Kwa mtu ambaye kichwa cha mashine hakiwezi kuingia kinywani mwake, ni msaada mkubwa.

Tabibu azipake mafuta pembe za mdomo kabla ya kuanza, afanye vipindi vifupi na ampe mgonjwa nafasi ya kupumzisha taya. Baada ya sindano ya ganzi aonye juu ya kung'ata mdomo na kunywa chai ya moto. Jino linalostahili kung'olewa ling'olewe mapema, mdomo ungali wazi. Kusubiri mpaka mdomo ubane na uvimbe utokee ni kuifanya kazi ndogo kuwa ya hatari, kwa kuwa mdomo uliobana na shingo iliyokazwa na kovu humfanya mtaalamu wa usingizi apate shida kuingiza mrija wa kupumulia. Anayepeleka mgonjwa wa namna hii kwenye upasuaji wowote, hata wa tumbo, aandike jambo hilo wazi kwenye barua ya rufaa.

Upasuaji wa kupanua pembe za mdomo au kulegeza kovu la shingo hufanywa na wataalamu katika hospitali za ngazi ya juu. Kutoka Kayanga au Nkwenda njia ya rufaa hupitia hospitali ya mkoa iliyoko Bukoba, na huweza kufika Bugando jijini Mwanza. Ni safari ndefu na ya gharama. Kila mdomo uliookolewa kwa mazoezi nyumbani ni safari iliyoepukwa.

Dalili zisizongoja kesho

Zipo dalili zinazomtaka mgonjwa awahishwe hospitali saa hiyo hiyo. Kwa aliyeungua leo: sauti iliyokwaruza, kupumua kwa shida, nywele za pua zilizoungua au makohozi yenye masizi. Hizi huonyesha kwamba njia ya hewa imeungua na inaweza kuziba kwa uvimbe.

Kwa aliyeungua siku au majuma machache yaliyopita: taya linalokaza ghafla lisifunguke, shida ya kumeza, shingo au mgongo unaokakamaa. Hii inaweza kuwa pepopunda wala si kovu, na ndiyo sababu kila aliyeungua aulizwe kuhusu chanjo yake. Kwa mtoto aliyetafuna waya wa umeme: damu nyingi kutoka pembe ya mdomo, inayoweza kuja ghafla kati ya siku ya tano na ya kumi na nne, gaga la jeraha linapobanduka. Mzazi aelezwe tangu siku ya kwanza kubana mdomo kwa kidole gumba ndani na kidole kingine nje huku akikimbilia hospitali.

Kwa mwenye jino bovu: uvimbe chini ya taya au shingoni, homa, ulimi ulioinuka, kushindwa kumeza mate. Usaha wa jino unaweza kuziba njia ya hewa, na kwa mwenye mdomo mdogo nafasi ya kuokoa ni finyu zaidi.

Uso wa mtu

Kovu la usoni halifichiki chini ya shati. Aliye nalo hutazamwa sokoni Omurushaka, kanisani, msikitini na darasani. Wengi hujifunza kufunika mdomo kwa mkono au kwa upande wa kanga, husema kidogo, hula peke yao. Harufu ya kinywa inayotokana na meno mabovu huwaongezea aibu, wakidhani ni sehemu ya kovu. Kumbe harufu hiyo huondoka kwa meno kutibiwa na fizi kusafishwa, na mtu aliyepona kinywa hurudi kula na wenzake kabla hata kovu halijafifia.

Mtoa huduma aongee na mgonjwa akimtazama machoni, amwite kwa heshima inayomstahili, asimwite kwa jeraha lake. Mwalimu anayempokea mtoto aliyeungua ampe nafasi ya kufanya mazoezi ya mdomo wakati wa mapumziko bila kuchekwa. Ndugu wa mgonjwa wafanye naye, kwa kuwa zoezi linalofanywa na nyumba nzima si alama ya ugonjwa tena.

Na mgonjwa mwenyewe, hata kama moto ulimpata miaka kumi iliyopita na aliambiwa avumilie, ana haki ya kurudi na kuuliza. Aende zahanati iliyo karibu naye na aseme maneno matatu: “Naomba nikaguliwe kinywa.” Kovu huenda lisiondoke. Jino linalouma linatibika.